Kutangulia si kufika: kisa cha bakteria waliokuwa nyuma kwenye chupa ya Lenski wakaishia kushinda

Kuna kisa kimoja kwenye biolojia ya mageuzi ambacho naona kila anayependa habari za jeni angetakiwa akijue vizuri, manake kinaivuruga ile picha tuliyozoea kwamba uteuzi asilia unamchukua aliye bora leo na kumwacha aliye dhaifu, basi, habari imeisha. Hapa aliye bora alikuwepo, akapimwa, akaonekana wazi yuko mbele, na bado akapotea kabisa, na aliyekuwa nyuma yake ndo akabaki na chupa nzima. Na haikuwa bahati tu. Ilitokana na namna jeni moja inavyoelewana na jeni nyingine ambayo wakati huo ilikuwa hata haijabadilika bado.

Tuanze na mazingira yenyewe kwanza, bila hayo kisa hakieleweki. Tarehe 24 Februari 1988 Richard Lenski, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, alianzisha makundi 12 ya bakteria aina ya E. coli, yote yakitokana na mzazi mmoja. Kila kundi linakaa kwenye mililita 10 za maji yenye chumvichumvi na glukosi kidogo sana, miligramu 25 kwa lita, kwenye joto la nyuzi 37. Glukosi ikiisha, na inaisha ndani ya masaa machache, bakteria wanakaa na njaa mpaka kesho yake, alafu asilimia 1 ya kilichomo inahamishiwa chupa mpya yenye chakula kipya na iliyobaki haiendelezwi. Hiyo asilimia 1 inakua mara 100 kurudi pale pale ilipokuwa, sawa na vizazi 6.6 hivi kwa siku. Kesho tena, keshokutwa tena. Jaribio lilihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na mwaka 2022 likahamia Chuo Kikuu cha Texas kule Austin chini ya Jeffrey Barrick, na vizazi vimeshapita 75,000.

Sasa kitu kinacholipa jaribio hili uzito wake wote ni friza. Kila baada ya vizazi 500 wanachukua sampuli ya kila kundi, wanaichanganya na gliseroli, wanaigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na bakteria hawa hawafi, wanasimama tu. Ukitaka kujua kizazi cha 500 walikuwaje, huhitaji kukisia kutokana na mabaki, unaenda unawafufua wale wale, unawaweka kwenye chupa, unawapima, na ukitaka unawashindanisha na wazazi wao au na wajukuu wao. Kwenye viumbe wengine tunabaki kubishana kuhusu yaliyopita kwa dalili tu, hapa yaliyopita yenyewe yanaamka na kukua.

Kisa chetu kinatoka kwenye kundi moja kati ya hayo 12, linaitwa Ara−1, na kinahusu mwanzo mwanzo kabisa, kizazi cha 500, yaani kama miezi miwili na nusu tu tangu jaribio lianze. Mwaka 2011 Robert Woods pamoja na Barrick, Tim Cooper, Lenski na wenzao walichapisha kwenye jarida la Science kazi waliyoifanya kwa kufufua sampuli ya kizazi hicho na kuchomoa humo bakteria wa aina nne. Wawili walikuwa na mabadiliko ya jeni ambayo baadaye yalikuja kuenea kwa kundi zima, yaani hawa ndo walikuwa wa ule ukoo ulioshinda. Wawili wengine walikuwa na mabadiliko yenye faida pia, ila ya kwao yalipotea, huko mbele huyaoni tena. Nitawaita waliochelewa na waliotangulia, na sababu ya majina hayo inakuja sasa hivi.

Ungetegemea nini ukiwapima? Mtu yeyote angesema wale ambao ukoo wao ulikuja kushinda lazima walikuwa bora kidogo tangu kizazi cha 500, au angalau walikuwa sawa na wenzao. Waliopima nao walishangaa. Ukoo uliokuja kushinda ulikuwa nyuma, na haukuwa nyuma kwa pungufu ndogo ya kupuuza, ulikuwa nyuma kwa karibu asilimia 6.

Hapa nataka tuangalie wanavyopima, kwa sababu namba hiyo haitokani na makadirio ya juu juu. Nusu ya makundi ya Lenski yalianzishwa na bakteria wasioweza kutumia sukari inayoitwa arabinosi, nusu nyingine na wanaoweza, na kwenye chupa zenyewe hakuna arabinosi kwa hiyo tofauti hiyo haiwasaidii wala kuwaumiza. Ila ukiwamwaga kwenye sahani yenye arabinosi na rangi maalum, wasioweza wanatoa makoloni mekundu na wanaoweza wanatoa meupe-meupe. Kwa hiyo unamchukua bakteria unayetaka kumpima, unamchanganya na mzazi wa asili mwenye alama ya pili, nusu kwa nusu, unamwaga kidogo kwenye sahani siku hiyo hiyo, unawaacha washindanie glukosi ile ile siku nzima, alafu unamwaga tena kesho. Unakaa unahesabu madoa mekundu na meupe. Ukijua kila upande ulianza na wangapi ukaisha na wangapi, unapata mara ngapi kila mmoja alijigawa, na kugawanya moja kwa nyingine kunakupa nguvu yake ya ushindani. Unarudia mara nyingi ili makosa ya kuhesabu yasikudanganye. Ni kazi ya mikono na macho na inachosha, lakini ni ya haki, wote wako chupa moja, chakula kimoja, saa ile ile.

Na asilimia 6 kwa bakteria ni nyingi mno. Piga hesabu. Mwenzako akijigawa mara moja wewe unajigawa mara 1.06, kwa siku yenye vizazi 6.6 uwiano kati yenu unasogea kwa kama asilimia 30 upande wako. Kila siku. Kwa mwezi mmoja tu uwiano unakuwa umebadilika mara elfu kadhaa, na kwa vile kila asubuhi wanaohamishwa ni kama milioni 5, ndani ya miezi miwili hivi aliye nyuma anatakiwa awe amebaki mmoja mmoja au ameisha kabisa. Hiyo ndo ingekuwa hatima ya waliochelewa kama kila kitu kingebaki kilivyo kizazi cha 500. Anayejua kusoma namba hizo angesema hawa wamekwisha.

Hawakuisha. Sasa kwa nini?

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni bahati, labda kwenye ukoo wa waliochelewa lilitokea tu badiliko zuri sana kwa nasibu likawaokoa. Inawezekana, na kwa kuangalia historia iliyotokea mara moja huwezi kulikataa. Ndo maana walifanya kitu ambacho friza inaruhusu: walirudia historia. Kila aina kati ya zile nne waliipa chupa 10 za peke yake, bila mpinzani, wakaacha mageuzi yaendelee upya kwa vizazi 883, ambayo ni kama miezi minne na nusu ya kuhamisha kila siku bila kuacha, alafu wakapima matokeo. Kama ilikuwa bahati tu, chupa za waliochelewa zingetawanyika ovyo na kwa wastani waliotangulia wangebaki mbele, kwa sababu walianza mbele. Kilichotokea ni kwamba vizazi vya waliochelewa, kwa wastani, viliwapita vizazi vya waliotangulia kwa kama asilimia 2. Yaani walianza nyuma kwa 6, wakamaliza mbele kwa 2, na huo ni wastani wa chupa nyingi, siyo wa chupa moja yenye bahati.

Na ona kwamba kila mmoja alikuwa kwenye chupa yake. Hilo linaondoa maelezo mengine, kwamba labda waliochelewa walikuwa wanaishi kwa kutegemea kitu wanachotoa waliotangulia, mabaki ya chakula au chochote. Hakukuwa na jirani wa kumtegemea. Walichokuwa nacho kilikuwa ndani yao.

Kuna maelezo mengine mazito zaidi na hapa ndo naomba msomaji atulie kidogo, manake ndo penye utamu wa kisa chote. Inajulikana vizuri kwamba bakteria aliyeko nyuma huwa anapanda haraka kuliko aliyeko mbele. Badiliko lile lile linalompa dhaifu faida ya asilimia 10 linaweza kumpa mwenye nguvu asilimia 3 tu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema basi, hii ni kawaida, waliochelewa walikuwa chini ndo maana walipanda zaidi. Lakini jaribu kulifuata wazo hilo mpaka mwisho. Kama faida ya badiliko jipya inategemea tu umesimama wapi, aliye nyuma atamsogelea aliye mbele, atamkaribia, labda watalingana. Hawezi kumpita. Akishafika alipo mwenzake naye anakutana na faida ndogo zile zile. Waliochelewa waliwapita wenzao, kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu mahususi, njia iliyokuwa wazi kwao na imefungwa kwa wenzao. Mimi naona huu ndo ushahidi mkubwa kuliko ule wa kuwa nyuma kwa asilimia 6, na watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanaupita haraka.

Njia hiyo walienda kuitafuta kwenye jeni, na wakafika kwenye jeni mbili, topA na spoT.

topA inatengeneza kimeng'enya kinacholegeza DNA. Chukulia kamba ndefu uliyoisokota mpaka inaanza kujikunja yenyewe, DNA ya bakteria inakaa kwenye hali ya namna hiyo muda wote, na kiwango cha msokoto kinaamua jeni zipi zinafunguka kirahisi kusomwa na zipi zinasumbua. Ukigusa topA umegusa msokoto wa DNA nzima, kwa hiyo umegusa usomaji wa jeni nyingi sana kwa wakati mmoja. spoT yenyewe inahusika na ishara ya njaa. Chakula kikipungua, ishara hiyo inapanda na bakteria anapunguza kutengeneza ribosomu, yaani vile viwanda vya protini ndani ya seli, anajifunga mkanda, na chakula kikirudi ishara inashuka na kazi inaanza tena. Kwenye chupa za Lenski maisha yote ni shibe fupi na njaa ndefu kila siku, kwa hiyo siyo ajabu kwamba spoT ilikuja kubadilika kwenye makundi 8 kati ya 12, kila moja kivyake bila kuambiana.

Turudi kwenye wahusika wetu. Waliochelewa walikuwa na badiliko kwenye topA. Waliotangulia nao walikuwa na badiliko kwenye topA, jeni ile ile, ila badiliko tofauti. Yote mawili yana faida kwenye mazingira yale. Sasa kwenye historia halisi ya kundi, moja ya mabadiliko yaliyofuata kuenea kwenye ukoo wa waliochelewa lilikuwa la spoT, na lilikuwa na faida kubwa. Watafiti wakatengeneza kwa mikono yao: wakachukua badiliko lile la spoT wakaliingiza kwa waliochelewa, wakapima, faida ikaonekana. Wakaliingiza hilo hilo kwa waliotangulia, wenye topA ya aina ya pili. Faida haikuonekana. Badiliko ni lile lile na mazingira ni yale yale, ila thamani yake imebadilika kwa sababu ya jirani yake ndani ya jenomu, yaani jumla ya DNA yote ya bakteria huyo.

Hapa ndo kila kitu kinakaa sawa. Waliotangulia walipata badiliko la topA lililowapa ongezeko kubwa la haraka, lakini kwa kulichukua hilo walifunga mlango wa spoT, mmoja wa milango mikubwa iliyokuwepo. Waliochelewa walichukua topA iliyowapa kidogo, ila mlango ukabaki wazi. Kwa kuwa jeni zote mbili, kila moja kwa njia yake, zinagusa utengenezaji wa ribosomu na kasi ya kukua, haishangazi kwamba hali ya moja inaamua kama kubadilisha nyingine kuna maana au hakuna. Wataalamu huita mahusiano ya namna hii epistasisi, na wengi tunaifahamu kwenye vitabu kama kero fulani ya kurithi rangi za manyoya au maua, uwiano wa Mendel unatoka vibaya na mwalimu anasema hapo jeni zinaingiliana. Kwenye kisa hiki epistasisi ndo iliyoamua nani aishi.

Na kitu kingine ambacho watu hukipita: mahusiano haya ya jeni hayakuwa yamepangwa tangu mwanzo yakakaa tu yanasubiri. Mzazi wa asili alikuwa na topA ya kawaida. Siku badiliko la kwanza la topA lilipotokea na kuanza kuenea, thamani ya mabadiliko mengine kwenye jenomu ikawa imeshabadilika, mengine yakapanda thamani, mengine yakashuka. Kwa hiyo kila hatua ya mageuzi inaandika upya orodha ya hatua zinazofaa baadaye. Uteuzi unafanya kazi juu ya mabadiliko, na mabadiliko yaliyoteuliwa yanageuka kuwa mazingira ya mabadiliko yanayofuata. Ukiuliza "hili badiliko lina faida kiasi gani?" bila kusema liko ndani ya nani, swali lako bado halijakamilika.

Kundi hili hili la Ara−1 lina sehemu ya pili ya habari, na iliyotoka mwaka ule ule wa 2011, kwenye Science pia. Aisha Khan na wenzake, wakiwa na Cooper na Lenski, walichukua mabadiliko matano ya kwanza kuenea kwa kundi zima: la rbs, la topA, la spoT, la glmUS na la pykF. Kila moja liwepo au lisiwepo, unapata mchanganyiko wa aina 32, na wakapima michanganyiko hiyo. Kwa ujumla walikuta kwamba kadiri faida unayoitegemea ilivyo kubwa, ndivyo mwingiliano unavyoipunguza, yaani mabadiliko mazuri yakikaa pamoja kila moja linaleta pungufu ya lile ambalo lingeleta likiwa peke yake. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini kasi ya kupanda inapungua kadiri vizazi vinavyoenda. Ila mojawapo kati ya hayo matano, la pykF, lilienda kinyume na mtindo huo.

Walikuta pia kwamba ndani ya hayo mabadiliko matano ni nadra badiliko lenye faida kugeuka kuwa hasara likikaa na wenzake. Mtu anaweza kuona hapa kuna mgongano na kisa cha topA na spoT, lakini ukifikiria vizuri hakuna. Hayo matano ni yale ambayo yalishinda kwa pamoja, yameshapita kwenye chujio, kwa vyovyote vile utategemea yanaelewana. Yasiyoelewana yalikuwa kwa waliotangulia, na waliotangulia hawapo tena. Ukichunguza walioshinda peke yao utaona jenomu iliyojaa maelewano na utadhani ndivyo jeni zilivyo, wakati migongano ilizikwa na koo zilizopotea. Mimi nilipoziweka kazi hizi mbili pamoja ndo nikaona uzito wa kwenda kufufua walioshindwa.

Ndani ya jeni moja hali inakuwa kali zaidi. Daniel Weinreich na wenzake mwaka 2006 walichukua mabadiliko matano ndani ya jeni moja, ile inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja antibiotiki jamii ya penisilini, mabadiliko ambayo kwa pamoja yanaongeza usugu dhidi ya antibiotiki iitwayo sefotaksimu kwa kama mara 100,000. Matano yanaweza kufuatana kwa njia 120, na wao walikuta njia 102 haziwezi kupitika kwa uteuzi kwa sababu mahali fulani katikati kuna hatua isiyoongeza usugu au inayoupunguza. Zilibaki 18, na chache kati ya hizo ndo zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kutumika. Naitaja kwa kifupi tu kuonyesha kwamba habari ya mlango kufungwa kwa sababu ya hatua uliyoanza nayo haikuhusu chupa moja tu ya Lenski, na kwenye dawa ina uzito wa maisha ya watu.

Sasa kuna namna mbaya ya kukielewa kisa hiki, na nimeiona mara nyingi, kwamba eti mageuzi yaliona mbele yakawahifadhi waliochelewa kwa sababu ya uwezo wao wa baadaye. Hapana kabisa. Kwenye kizazi cha 500 uteuzi ulikuwa unawasukuma waliochelewa kuelekea kutoweka, kila siku, bila huruma. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa bado hawajaisha. Kundi ni kubwa, bakteria kama milioni 500 kila jioni, mabadiliko mapya maelfu kwa maelfu kila siku, na kufuta ukoo kwa asilimia 6 kunachukua wiki nyingi. Ndani ya wiki hizo mtu mmoja wa ukoo ulio nyuma akapata badiliko kubwa na ukoo ukarudi. Wakati huo waliotangulia nao walikuwa wanatafuta mabadiliko, wengi zaidi kwa idadi, ila yale makubwa kwao yalikuwa yamekufa thamani. Uteuzi ulipima kila siku nguvu ya siku hiyo tu, na uwezo wa kubadilika zaidi ukateuliwa kwa mzunguko, kupitia matokeo yake, kwa sababu ulikuwa umefungwa ndani ya ukoo mmoja pamoja na topA yake.

Kwa hiyo ukubwa wa kundi una nafasi yake hapa. Lipunguze kundi mpaka bakteria mia chache na kisa kingeenda tofauti, mabadiliko yangekuja mmoja mmoja kwa nadra, wa kwanza kupata kitu kizuri angeenea mpaka mwisho kabla mwingine hajatokea, na hapo kutangulia kungekuwa kufika kweli. Ukiwa na kundi kubwa koo zinashindana kwa muda mrefu zikiwa pamoja na ule muda ndo unaompa nafasi mwenye mlango wazi. Mtu anayejaribu kutabiri mageuzi ya vimelea kwa kupima tu nani anakua haraka leo, bila kuuliza kundi ni kubwa kiasi gani na kila ukoo umebakiwa na hatua gani, anaweza kukosea kwa namna hii hii, na kwa ujasiri mkubwa kwa sababu namba zake za leo ni sahihi.

Jambo la pili ni kwamba bakteria hawa hawabadilishani jeni. Lenski alichagua aina isiyo na njia za kuhamisha DNA kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo aliyezaliwa na topA fulani anakufa nayo yeye na uzao wake wote. Kwa viumbe wanaozaliana kwa kuchanganya jeni za baba na mama, topA na spoT zingetenganishwa na kukutanishwa upya kila kizazi, badiliko la spoT lingejikuta leo kwa huyu kesho kwa yule, na thamani yake ingekuwa wastani wa majirani wote linaoweza kukutana nao. Hapo jeni inayoelewana na wengi ina nafasi nzuri kuliko inayong'ara na jirani mmoja tu, na lile fungo la topA mbaya lisingewaangusha waliotangulia wote kwa pamoja, manake wangeweza kuiacha na kubaki na mazuri yao mengine. Mabishano marefu kati ya wafuasi wa Ronald Fisher na wafuasi wa Sewall Wright, wawili kati ya waanzilishi wa hesabu za mageuzi, kuhusu epistasisi ina umuhimu kiasi gani kwa wanyama na mimea yanazunguka hapo hapo, na huwezi kuyamaliza kwa kisa cha bakteria hawa.

Ila kwa bakteria wenyewe habari imeendelea kufuatiliwa. Mwaka 2013 Michael Wiser, Noah Ribeck na Lenski walionyesha kwamba hata baada ya vizazi 50,000 nguvu ya ushindani bado inapanda, polepole zaidi na zaidi lakini haijasimama, na mfano wao wa hesabu uliojengwa juu ya koo kushindana na faida kupungua ulifuata data vizuri. Mwaka 2024 Alejandro Couce na wenzake nao wakapima athari za kuharibu jeni moja moja kwa wingi, kwa mzazi wa asili na kwa uzao wake wa mbali, wakakuta mabadiliko makubwa yenye faida yanaadimika mapema sana, wakati kiwango cha madhara kwa ujumla hakisogei sana, lakini ukishuka kwenye jeni moja moja sura ni nyingine, kuna ambazo mzazi asingeweza kuishi bila hizo na uzao unaishi, na kuna ambazo mzazi aliweza kuzikosa na uzao hauwezi tena.